Ng'ombe Aliyekataa Mkono Wangu

Ndugu yangu alipoingia polisi, mimi ndiye niliyepiga vigelegele kuliko wote. Si ni mimi niliyechuna majani chai miaka yote akisoma, mpaka vidole vikawa na weusi usiotoka kwa sabuni? Kwa hivyo siku aliposhusha ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, mwenye mimba kutoka kwa pikapu, pale langoni kwangu, sikuuliza swali hata moja.

"Nimekununulia soko la Sotik, dada," akasema. "Chai ya rangi bila maziwa sasa basi."

Nililia kwa furaha. Mjinga mimi.

Ng'ombe akazaa. Weh, alikuwa na kiburi! Nikimshika chuchu anazuia maziwa, halafu anapiga ndoo teke. Nilimbembeleza, nilimtukana, wapi. Kile kidogo nilichopata nilikihifadhi kwa kibuyu, kikawa mursik, maziwa yetu ya kugandisha, na ndugu yangu akija ndiye anayemiminiwa kwanza.

Halafu wenzake wa kituo wakamshika. Walisema mjane mmoja wa ng'ambo ya mpaka wa kaunti aliibiwa ng'ombe, ng'ombe akapatikana, lakini mama akaambiwa hajaonekana. Aliyemwambia hivyo ni ndugu yangu, afande wa zamu. Mimi nikasema ni wivu tu. Kanisani nilisimama nikaomba watu wamwombee, na mama mmoja wa kikundi chetu aliponong'ona nyuma yangu, nikamgeukia nikamwambia akanong'one kwake. Mpaka leo hatusalimiani.

Askari wakamleta yule mjane kwangu amtambue ng'ombe. Nikafungua zizi kwa madharau. "Haya, mtambue basi, kama ni wako."

Aliomba ndoo. Akachuchumaa, akaanza kuimba polepole kwa pua, wimbo usio na maneno. Ng'ombe akageuza shingo akamlamba mgongo. Maziwa yakashuka, jameni, yakashuka mpaka povu likajaa ndoo yangu mwenyewe. Nikashika ukuta wa zizi.

"Afande aliniambia bado anatafuta," mama akasema huku akikamua. "Nikampelekea jogoo mwekundu, wa kumshukuru kwa kujisumbua."

Huyo jogoo nilimkumbuka. Ndugu yangu alikuja naye Jumapili, na ni mimi niliyempika.

Walimchukua ng'ombe na ndama wake. Korti ilimpata ndugu yangu na hatia ya wizi, akapewa kifungo cha nje, na haikuchukua muda akafutwa kazi. Alirudisha sare yao, akaja kwangu na begi moja. Nilikuwa nangoja neno moja tu kutoka kwake. Angesema "nisamehe, dada," naapa ningemkumbatia na aibu yake yote, kwa sababu damu ni damu.

Akaketi kwa kiti chake cha siku zote. "Dada," akasema, "kama ungewaambia huyo ng'ombe alizaliwa hapa kwako, saa hii ningekuwa kazini."

Ati mimi! Kikulacho ki nguoni mwako, na hii nguo nilijifulia mwenyewe. Nilichemsha maji, nikatia majani, nikammiminia.

Akachungulia kikombe. "Na maziwa?"

"Nenda ukamwombe mama wa jogoo," nikamwambia.