Mashati Matano ya Kila Alhamisi

Hebu mwone anavyoingia. Mama wa makamo, kitambaa kichwani, kiganja cha kulia kimekomaa kwa mpini wa pasi. Kabla hajavua viatu, macho yake yameshafika kwenye kamba ya nguo zilizopigwa pasi. Ndiye dobi wa mtaa. Watu humwita Mama Pasi, naye huitika.

Ijumaa hiyo aliona mashati matano meupe bado yapo, na roho haikumtulia. Mwenye mashati hayo, mwalimu mstaafu aliyefiwa na mkewe, alikuwa akifika kila Alhamisi saa nne: analeta matano machafu, anachukua matano safi, anatania kidogo, anakwenda zake. Miaka tisa hajakosa.

"Mwalimu hakuja jana," alimwambia wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa akimsaidia kazi.

"Kasafiri huyo. Akuage wewe, kwani wewe mkewe?"

"Akitaka kusafiri huniambia niyakunje, nisiyatundike."

Wifi akatoa simu. Alifundishwa na Mwalimu, na wanafunzi wake wa zamani walikuwa na kundi lao humo. "Kumbe jana ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Watu mia na ishirini wamempongeza. Keki, maua, chungu nzima."

"Amejibu?"

Wifi alisoma kwenda juu, akarudi chini. "Hajajibu."

"Waulize nani anajua anapokaa."

Wakangoja. Vikaja vikatuni vya nyuso za huzuni na mikono ya dua. Mmoja alijua alikokuwa akikaa zamani, kabla hajahama. Basi.

Mama Pasi naye hakupajua. Hata chai hawajawahi kunywa pamoja. Alichokijua yeye ni mashati. Akavuta la kwanza, akaangalia kifungo cha tatu. Kilishonwa kwa uzi mweusi uliopita msalaba, kisha ukazungushwa chini ya kifungo mara tatu. Mwalimu, kwa macho yake yale, sindano haioni. Lakini mkono huo Mama Pasi aliujua. Akaenda kwenye rundo la aproni za mpishi wa shule, akageuza moja. Msalaba uleule, mizunguko ileile.

"Wifi, shika pasi."

"Unakwenda wapi na shati la watu?"

"Kwa mwenye sindano."

Mpishi alimpokea mikono imejaa unga. "Hilo la Mwalimu. Tumepakana ukuta. Kifungo kikikatika hulitundika shati kwenye kitasa changu, nikishashona nalitundika kwenye chake. Hatuna maneno mengi."

"Umemwona lini?"

Mpishi alifikiri, uso ukambadilika. "Jumatano jioni nilimtundikia moja. Leo asubuhi nimelipita, bado lipo. Nikasema kasafiri."

Mpishi hakungoja kunawa unga. Walikwenda mbio mpaka mlangoni, shati likiwa linaning'inia palepale. Mama Pasi akagonga, akatega sikio. Kutoka chini, karibu na sakafu, kitu kikagonga kujibu: mara moja, kimya, mara ya pili.

Seremala wa jirani alipong'oa kitasa, walimkuta Mwalimu sakafuni, nyonga imevunjika, midomo imekauka, fimbo mkononi.

"Umeniletea mashati?" akamuuliza dobi wake kwa sauti ya kukwaruza.

"Moja tu. Mengine utayafuata mwenyewe."

Hospitalini muuguzi alileta fomu. Alitaka jina la mtu wa karibu wa mgonjwa. Mwanawe yuko nchi ya mbali, na simu yake iliita bila kupokelewa. Kwenye kundi dua zilikuwa zimefika mia mbili. Mwalimu aliinua kidole, akamwelekeza Mama Pasi.

"Mimi ni dobi wake tu, dada," alisema Mama Pasi.

"Jina lako nimeshaandika," akasema muuguzi. "Hapa wanataka uhusiano. Niandike nini?"

Mama Pasi alimtazama Mwalimu, Mwalimu akatazama dari, macho yamemlowa. Mpishi alikuwa akibandua unga uliomkaukia mikononi. Kalamu ikabaki inangoja juu ya karatasi.

Nawe uliyenisikiliza mpaka hapa, kalamu hiyo ingekuwa mkononi mwako, ungeandika nini?