Kipande cha Chuma Kilichotoka Shavuni mwa Mzee Theophil

Herieth alikuja kuishi nami mtaa wa Xiaobei, huku China, akiwa mwanafunzi wa uzamili wa uhandisi wa metali. Mimi nasafirisha nguo, ofisi yangu iko jengo la Tianxiu, na kila Jumamosi alinisindikiza soko la nguo la Shisanhang kunisaidia pale Kichina changu kinapoishia kwenye "laoban", yaani bosi, na "meiyou", yaani hakuna. Sote ni watu wa Kagera. Lakini sikujua kilichomleta China mpaka jioni aliponifungulia kichupa cha dawa ya macho. Ndani mlikuwa na pamba, na kwenye pamba kipande cha chuma kisichozidi mbegu ya tikiti.

"Dada Flavia, hiki kilitoka shavuni mwa Tata," alisema.

Baba yake, mzee Theophil, alikuwa askari wa wanyamapori. Mwaka 1987 nyati aliingia mashambani mwa watu, Theophil akafyatua risasi hewani kumtisha. Bunduki ikampasukia usoni. Jicho la kulia likaenda palepale. Mwenzake wa doria, Jovitus, akawaambia wakubwa kwamba Theophil alikuwa ameuchomeka mtutu kwenye tope na hakuusafisha. Ikaitwa uzembe, mzee akafukuzwa kazi. Akaishia kwenye matofali, na wanawe shuleni wakaitwa watoto wa Tope. Miaka mingi baadaye shavu likavimba, daktari akalipasua, na kile kipande kikatoka.

Bunduki yenyewe ilikuwa kuukuu. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Ulaya ilibaki na malundo ya bunduki za askari. Kiwanda kimoja huko kilizinunua, kikazifungua, kikatoa mtutu wa hii na kuufunga kwenye ile, kikasaga chapa za jeshi la zamani na kugonga chapa yake. Kisha zikapakwa weusi mpya na kuuzwa nchi za mbali. Theophil aliikumbuka vizuri ile yake: chapa moja imesagwa, nyingine imegongwa juu yake. Herieth alikuwa akiishuku bolti, kile chuma kinachoifunga risasi kwa nyuma. Lakini kushuku si kujua.

Mwalimu wake, Profesa Liang, hakutaka akichunguze. "Ni kidogo mno," alimwambia. "Ili uone ndani lazima ukikate. Ukikosea, hakuna kingine."

Herieth akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena, mpaka profesa akamwombea kibali cha hadubini. Mimi nikamwonea huruma.

"Mdogo wangu, na ukikuta kweli ilikuwa tope?"

"Nitamwambia ilikuwa tope."

Akampigia baba yake nikiwa nafunga marobota.

"Tata, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Wanasema lazima nikikate. Huenda kikapotea chote."

"Nimekaa nacho usoni miaka yote hiyo hakijanifaa kitu. Kata."

Hakukata siku hiyo. Kwanza alinunua skrubu chakavu, akazifanyia mazoezi: kukata, kusugua kwa msasa mpaka ziwe kama kioo, kuzidondoshea asidi. Alipozizoea, ndipo akanichukua nikakae nje ya maabara. Alisema hakutaka kuwa peke yake, liwe lolote.

Aliponiita ndani, Profesa Liang alikuwa ameinamia skrini. Niliona mstari umepita katikati ya chuma, kama mshono wa vitambaa viwili.

"Upande huu ni chuma cha asili," Herieth alisema. "Upande huu kimechomelewa. Jino la bolti, lile linaloizuia isirudi nyuma, lilikuwa limelika, mtu akalijaza kwa kuchomelea, akalipiga tupa, akalipaka rangi. Ufa ulianzia hapo kwenye kiungo. Tena una kutu ndani, unaona? Pale palipokatika siku ile hapana, ingawa napo palikaa shavuni. Kutu haiingii kwenye ufa wa siku moja."

"Ufa ni wa zamani," profesa alikubali. "Lakini chuma hakisemi nani alichomelea. Kiwandani, au fundi mwingine baadaye."

"Basi nitaandika kwamba simjui. Ninachojua ni kwamba jino halikukatika kwa tope."

Tulipompigia mzee, Jovitus alikuwepo. Theophil alikuwa amemwita mwenyewe, na simu akampa yeye kwanza. Herieth akaeleza tena yote, taratibu.

"Sikuona tope," Jovitus alisema. "Mkubwa aliniambia bunduki ya serikali haipasuki yenyewe. Nilikuwa mgeni kazini, nikaogopa."

Herieth alikuwa akilia, midomo imebana kwa hasira. Tukamsikia mzee kwa mbali: "Mwache, mama. Amekuja kwa miguu yake."

Nilidhani yamekwisha. Lakini Herieth akajifuta uso kwa mkono, akauliza, "Mzee Jovitus, zile bunduki nyingine zilizokuja pamoja na ya Tata ziko wapi?"

"Zingine walipewa walinzi wa vijiji. Wanazo mpaka leo."

Toka siku hiyo chakula chake cha mchana kilikuwa simu, maana saa ile ndiyo ofisi za nyumbani zinafunguliwa. Alipeleka picha na maelezo kwa Kiswahili chepesi. Wakamwambia afuate taratibu, akazifuata. Wakampeleka ofisi nyingine, akapiga huko. Niliwahi kumwona amesimama barabara ya Huanshi Zhonglu kwenye mvua, sikio moja limezibwa kwa kiganja, akimfafanulia mtu jino la bolti ni nini.

Mwishowe ofisa mmoja wa wilaya, Bi Clementina, alimsikiliza mpaka mwisho. Akachukua gari na fundi, wakazunguka kijiji kwa kijiji na kuzikusanya bunduki zote zenye ile chapa.

Barua ya kumsafisha mzee Theophil haijatoka bado. Wanasema jalada lake halionekani. Herieth amewajibu walitafute, na kesho mchana atapiga tena.