Samaki wa Buluu wa Kamasuke

Kwa miaka thelathini na minane Makato aliuza samaki wekundu waitwao gurukuni, na kwa miaka hiyo yote mumewe alimwambia kwamba si wekundu.

"Kule chini ni buluu," Kamasuke alikuwa akisema, huku anavua nguo mbichi mlangoni. "Buluu ya kung'aa, na mstari wa manjano ubavuni. Wanageuka wakitolewa majini."

Makato hakuwa mwanamke wa kumeza kila alicholishwa. Samaki aliwajua yeye. Aliwapokea gatini wekundu, akawabeba kichwani kwa beseni wekundu, akawapanga sokoni mjini Itoman wekundu. Waliobaki aliwakaanga wazima mpaka mifupa ikatafunika. Huo ubuluu ulipita saa ngapi? Basi akamfanya mumewe kichekesho cha soko. Mteja akiuliza kama samaki ni wa leo, alijibiwa kuwa ni wa leo, ila akitaka wa buluu aende kwa mzee wa nyumbani, anao tele kichwani.

Kamasuke alikuwa mmoja wa wazamiaji wanaowaswaga gurukuni kuelekea wavuni, pumzi moja chini, pumzi moja juu. Miwani yake ya mbao ya kuzamia alichongewa na mdogo wake, Tokuzo. Miwani hiyo haiazimwi. Kila moja huchongwa kufuata uso wa mwenyewe, na ukivaa ya mwenzio maji yanakuingia kama nyumba isiyoezekwa.

Siku moja, wangali vijana, Kamasuke alimnyooshea mkewe miwani hiyo pale gatini. Akamwambia apande mashua ya Tokuzo wakaone, na wanaosema mwanamke hapandi chombo cha uvuvi waseme mpaka wachoke. Wanawake wenye mabeseni walikuwa wamesimama wote, na Makato alipopata wasikilizaji ulimi wake haukuwa na breki.

"Nilowe mimi kwa ajili ya uongo wako?"

Wakacheka. Kamasuke naye akacheka, akavaa miwani yake akaenda zake. Hakumnyooshea tena.

Alikufa kwa kifua, mkekani kwake, miaka mitatu iliyopita. Watu walidhani Makato angelilia sauti yake, au upande wake wa mkeka. Hayo aliyazoea. Kilichomkosesha raha ni ile buluu. Mtu alikuwa na nchi yake huko chini, alikwenda na kurudi kila siku, na mke wake wa ndoa hakuwahi kumuuliza habari za huko. Sasa maswali yalimjaa, na wa kumjibu hayupo.

Kila asubuhi, akishaweka chai mbele ya vibao vya majina ya marehemu, aliichukua ile miwani. Upande wa kulia, juu ya jicho, mbao ilikuwa na kishimo, kwa sababu Kamasuke alipigwa na kasia ujanani, mfupa wa nyusi ukaunga kwa nundu. Nundu imekwenda kaburini, kishimo kimebaki. Makato alikuwa akitia kidole gumba humo na kukaa, chai ikapoa.

Mwaka huu wazamiaji wakavunja kikundi, wakagawana nyavu, kila mtu na lake. Tokuzo naye akatangaza kwamba mwezi ukiisha anahamia Osaka kwa binti yake, na mashua ataipasua kuni. Makato akamfuata nyumbani kwake mchana huohuo.

"Nipeleke nikawaone kabla hujaondoka," akamwambia.

"Wewe shemeji? Uliyesema ni uongo?"

"Nilisema. Sasa nipeleke."

Tokuzo alinung'unika kuhusu wanawake na mashua. Makato akamuuliza mkosi utaipata wapi mashua inayongoja shoka. Basi, akakubali. Akaitazama ile miwani, akamjaribisha usoni, akachukua kisu. Alisema ni kazi ya dakika kumi: angekwangua ukingo wote mpaka ulingane na kishimo, ingemkaa sawasawa.

Sumie, mkwe wa Makato, alikuwa amekuja na miwani ya mpira ya dukani. "Vaa hii, mama. Hata kukwangua hakuna."

"Mume wangu alininyooshea hii," Makato akasema. "Hiyo hakuninyooshea mtu."

Lakini kisu kilipogusa mbao, akaushika mkono wa shemeji yake. "Ukikwangua, uso wake utakuwa wapi?"

Tokuzo akakirudisha kisu alani.

Wakaenda asubuhi ya pili, maji yakiwa yametulia, mpaka pale mwamba unapokatika na kina kinaanza. Makato akavaa, akalala kifudifudi ukingoni mwa mashua, akazamisha uso. Maji yakamjaa jicho la kulia. Akainuka, akakung'uta, akarudi, yakamjaa tena. Mara ya tatu Tokuzo alimwambia bora angemwachia akwangue. Makato alitia kidole gumba kwenye kile kishimo, mahali pake pa kila asubuhi, akakandamiza, akashusha uso.

Maji hayakuingia.

Walikuwa chini yake, mamia, wakigeuka pamoja. Buluu ya kung'aa, na mstari wa manjano ubavuni. Hakuongeza chumvi hata kidogo, yule mtu. Makato alitazama mpaka pumzi ikamwishia, akavuta nyingine, akarudi, akarudi tena. Alikuwa na la kusema, na aliyestahili kuambiwa hakuwamo mashuani.

Tokuzo alinasa mmoja kwa mshipi, akamweka miguuni pake. Ubuluu ukafifia polepole, wekundu ukapanda, mpaka akawa samaki wa Makato, yule wa sokoni.

Kesho yake sokoni mteja alimnyanyua gurukuni kwa mkia, akasifu wekundu wake.

"Huyo ni wa buluu," Makato akasema.

Mteja akacheka, akawaita wenzake waje wasikie. Makato akawaacha wacheke.