Mtufaha wa Syombua

Nilipokuwa mtoto kule Kathiani, tufaha lilikuwa tunda la wagonjwa. Ukimwona mtu amerudi kutoka Machakos na matufaha mfukoni, ulimuuliza ni nani amelazwa. Mimi niliamini kabisa kwamba mtu mwenye afya akilila ataugua, ili tunda lipate kazi yake.

Mtufaha mmoja tu ulikuwepo kijijini, na huo hatukuuhesabu. Ulikuwa wa Syombua, mjane aliyeishi peke yake juu ya kilima, pale ukungu unapochelewa kuondoka. Marehemu mumewe aliuleta ukiwa mche kutoka sehemu za baridi alikokuwa akifanya kazi. Matunda yake yalianguka na kuoza, kwa sababu Syombua alisemekana kuwa na macho. Akisifu kitu, kinaharibika. Alimsifu ng'ombe wa jirani, maziwa yakakauka. Nani angekula tunda ambalo macho hayo yanalitazama kutwa?

Dawa ya macho kila mtu aliijua. Mwenye macho akutemee mate kidogo kifuani, basi, ubaya unaondoka. Lakini Syombua hakuwahi kumtemea mtu, maana kutema ni kukubali kwamba macho unayo. Yeye alitembea ameinamisha kichwa, kitambaa kimeshuka hadi kwenye nyusi, na akikutana na mtoto alitazama vidole vyake mwenyewe vya miguu.

Msimu mmoja wa mvua kubwa mdogo wangu Mwende alipata surua. Surua ilipita, ikamwachia vidonda mdomoni na tumbo la kuhara. Uji alikataa, maziwa alikataa. Alikuwa mwepesi hivi kwamba hata mimi nilimbeba bila kuhema. Barabara ilikuwa imekatwa na maji, hakuna gari lililopita. Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, alikaa mlangoni akinung'unika.

"Ni Syombua. Alijisahau kanisani, akamtazama, akasema, 'Kumbe ni mzuri hivi!' Na hakutema."

Siku hiyohiyo Mwende aliomba tufaha. Alikuwa ameliona zahanati, mkononi mwa mtoto mwingine, na sasa hakutaka kitu kingine chochote duniani.

Asubuhi Susu alinishika mkono tukapanda kilima. Mpaka leo sina hakika nini nilikiona na nini nilikiota baadaye. Ukungu ulikuwa mzito, na mtufaha ulitufikia kwanza kwa harufu, tamu na ya uchachu kidogo. Kisha matunda yakaanza kujitokeza moja moja, mekundu upande mmoja, yakielea hewani bila tawi wala shina. Nilidhani tumefika mahali ambapo watu hawafiki, na sikutaka kurudi.

Syombua alitoka nje, akatazama miguu yetu.

"Mtoto hakuli," Susu alisema. "Anataka tufaha. Na mimi nataka uje umtemee."

"Matufaha chukua, mama. Hata yote. Lakini mate, hapana. Nikitema leo, kesho huko sokoni utasema nini?"

Susu aliubana mkono wangu hadi ukauma. Nikajua kwa mara ya kwanza kwamba watu wazima pia huogopa.

"Mjukuu wangu anatutoka, Syombua."

Syombua alichuma matufaha machache, akayafunga kwenye leso yake, akatutangulia kuteremka.

Jikoni kwetu aliyamenya pole pole. "Ganda ni la mtu ambaye hapati choo," alimwambia Mama. "Huyu anahara, tumtolee." Akayakata vipande vidogo, akaweka maji kidogo, akavuta kuni nyuma na kufunika sufuria. Yalipolainika aliyaponda kwa mwiko, akadondosha asali. Harufu ilijaa jikoni hadi moshi wenyewe ukawa mtamu. Muda wote huo hakumtazama Mwende hata kidogo. Alinipa mimi bakuli.

"Mlishe wewe."

Mwende alilamba. Akalamba tena. Kisha akafungua mdomo kama kifaranga, na Mama akageukia ukuta akalia.

Hapo Syombua angeweza kwenda zake. Mtoto alikuwa anakula. Lakini Susu alisimama mlangoni, akasema kwa sauti ndogo, "Bado hujatema."

Syombua alimtazama Susu, akamtazama Mama, ambaye machozi yake yalikuwa yamekatika na woga umerudi. Nafikiri aliona kwamba nyumba hiyo haingelala. Akapiga magoti, akafungua kifungo cha gauni la Mwende, akatema kidogo sana. Akaondoka bila leso yake.

Mwende alipona. Na sokoni waliulizana nini? Si alitema? Na si mtoto akapona? Susu mwenyewe ndiye aliyesimulia, kwa shukrani kabisa, na hilo ndilo linaloniuma. Zamani ulikuwa uvumi tu. Sasa ulikuwa na ushahidi, na ushahidi wenyewe ulikuwa dada yangu akirukaruka uani. Matufaha hakuna aliyeyataja, isipokuwa Mama, ambaye kila msimu alipanda kilima kuyachuma, akatupikia tukiwa wazima, na hatukuugua.

Leo nawapikia wanangu vilevile. Muuguzi wa kliniki aliwahi kunieleza kwamba tufaha lililopikwa halisumbui tumbo, na kwamba ganda lake husaidia choo. Nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimefundishwa hayo na mwanamke ambaye watu walivuka barabara kumkwepa.

Mwende alipojifungua, tulipanda naye kilima. Syombua alikuwa mzee, mtufaha umebaki na tawi moja lenye uhai. Alipoona tumebeba mtoto mchanga, akateremsha kitambaa chake. Mwende akakipandisha kwa mkono wake, akamlaza mtoto mapajani pake. Mzee akakusanya mate, kwa mazoea.

"Usiteme, Susu," Mwende alisema, akimwita kama alivyomwita nyanya yetu. "Mwangalie tu."

Alimtazama kwa muda mrefu. Nilielewa basi bei aliyolipa asubuhi ile jikoni kwetu: tangu siku hiyo hakuwa amemtazama tena mtoto yeyote usoni. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu asiyejali nani anamsikia:

"Kumbe ni mzuri hivi."