Kadi Iliyomsimamisha Babu

Juzi nilirudi nyumbani Lyamkena kusaidia kutoa vitu ndani, maana paa la zamani linaezuliwa. Kwenye kabati la vyombo, nyuma ya birika ambalo halijawahi kuchemsha chai ya mtu, nikakuta kitu kimeviringishwa kwenye kitambaa cha kufuma. Nikakifungua nikidhani ni kikombe cha wageni. Ilikuwa kadi ya kompyuta, ya kijani, ina kifeni kidogo kilichojaa vumbi. Wewe ungeitupa. Mimi nilikaa chini kwenye sakafu ya baridi nikiwa nimeikumbatia, na waezuaji wakawa wananiita huko nje bila kujibiwa.

Kama umekulia baridi yetu, sebule ile unaijua. Mwezi wa sita ukungu unaingia ndani bila kubisha hodi, jiko la mkaa liko katikati, na kila mtu ana kiazi cha moto mkononi, anakihamisha kutoka kiganja hiki kwenda kile kabla ya kukila. Kwenye kona ilikaa kompyuta ya mezani ya baba, kubwa, imevishwa kitambaa alichofuma bibi, kama redio na makochi. Baba alikuwa mwalimu, akiitumia kutunga mitihani. Kaka yangu aliitumia kucheza mpira wa kwenye kompyuta, na tukimsikia anapiga meza tulijua kafungwa. Bibi alikuwa na kazi yake moja tu na mashine ile. Alikuwa anamsalimia babu.

Babu alifariki msimu wa mvua, kifuku kilichofuata harusi ya shangazi, na bibi akatoka Igwachanya kuja kukaa kwetu. Video ya harusi ile ilikuwa kwenye kompyuta, na babu alionekana mara moja tu: anatoka kanisani na koti lake refu, watu wanarusha maua, anageuka kututazama, anainua kofia, kisha anaelekea getini na hatumwoni tena. Sasa, mashine yetu ilikuwa nzito. Ikifika kwenye maua, babu akiwa ameinua kofia, ilikuwa inakwama. Haikukosea hata mara moja. Babu alisimama pale anatutazama, na bibi, ambaye kila Jumapili baada ya ibada alikaa mbele ya kioo cha kompyuta na khanga safi, alisogea kidogo na kusema, "Kamwene." Akamuuliza habari za huko, akamweleza mvua imenyesha au haijanyesha, nani kaoa. Akimaliza tu, au karibu amalize, babu alishusha kofia na kwenda zake.

Kwetu mtu hampiti mtu bila salamu, na salamu haina haraka. Ukiona mkubwa njiani unasimama, unamaliza yote, ndipo unaondoka. Bibi alikuwa anasema, "Anayekusalimia huku anatembea hajakusalimia, amekupungia tu." Kwa hiyo sisi watoto hatukuona ajabu yoyote. Babu alikuwa na adabu, basi.

Kaka ndiye aliyeanza. Alimwambia baba kwamba kadi ya picha imezeeka, ndiyo maana babu anakwama, na kwamba bibi anastahili kumwona mumewe anatembea kama watu. Mpira wake hakuutaja. Baba alikuwa anampenda mama yake kuliko alivyoweza kusema, na aliposhuka kutoka Njombe mjini Jumamosi moja alikuwa na boksi kwapani.

Kaka akazima umeme, akafungua mashine kwa bisibisi, akaitoa ya zamani. Bibi alimsimamia muda wote. "Polepole, baba. Babu yako yumo humo." Kaka akaipachika mpya polepole kweli, kama anayemlaza mtoto. Tukawasha. Kioo cheusi. Mashine ikalia milio mirefu, tukatazamana. Baba akachungulia nyuma, mimi nikachungulia kwa kuwa baba kachungulia. Bibi aliketi, akashika kichwa. "Mmempeleka wapi?" Kaka alianza kutokwa jasho katika baridi ile. Mwishowe akagundua kadi haikuingia vizuri, kwa ile polepole ya bibi. Akafumba macho, akaikandamiza kwa nguvu mpaka ikalia ta! Bibi akapiga ukelele. Kioo kikawaka.

Na picha ilikuwa nzuri, sikufichi. Maua yalianguka moja moja. Babu akatoka kanisani, akageuka, akainua kofia, bibi akafungua mdomo, "Kamwe..." Babu alishafika getini.

Kaka alikuwa bado anatabasamu, anasubiri kushukuriwa.

"Mbona amenipita?" bibi akauliza.

Baba akairudisha nyuma. Babu akapita tena. Bibi aliharakisha salamu safari hii, lakini yule mzee alikuwa na mwendo. Baba akapata akili, akaisimamisha picha kofia ikiwa juu. "Haya mama, huyo. Msalimie."

Bibi alimtazama, kisha akamtazama baba. "Huyo umemshika wewe. Zamani alikuwa anasimama mwenyewe."

Kaka alieleza kwamba kadi ya zamani ilikuwa inalemewa na maua mengi. Baba alieleza tena kwa Kibena. Mimi sikumwelewa yeyote, si wao wala bibi, na mpaka leo nikifikiri najikuta napotea pale pale: picha ni ile ile, mtu ni yule yule, amesimama. Tofauti ni nini? Lakini bibi alilia, na alilia vile alivyolia msibani. Siku zilizofuata hakuigusa kompyuta, wala hakuifunika.

Jumapili ya pili yake kaka hakuambiwa na mtu. Alirudi kutoka kanisani, akavua shati jeupe, akachukua bisibisi, akarudisha ile ya zamani. Babu akasimama. Bibi akamweleza ya wiki mbili. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi ya nyumba yetu: Jumapili kadi ya bibi, Jumatatu kadi ya kaka. Tulipomzika bibi, kaka aliifunga kadi ya bibi kwa kitambaa, na sikujua aliiweka wapi.

Nilimpigia kaka simu pale pale sakafuni. Yuko mbali, anauza kompyuta, mtu mzima ana kitambi. Nikamwambia nimeipata. Akasema hakuna mashine siku hizi inayoipokea kadi hiyo, ameshatafuta. Nilishtuka. Kumbe naye alitafuta.

Akanitumia ile video ya harusi kwenye simu. Ukungu ulikuwa unaingia kupitia paa lililofunguliwa, na jiko lilikuwa halijawashwa. Nikajifunga khanga vizuri, sijui kwa nini. Maua yakaanguka, babu akageuka, akainua kofia.

"Kamwene, babu," nikasema, na kofia ilikuwa bado juu nilipoanza. Simu yangu ni mpya, haikwami popote. Nilipomaliza jina lake nilikuwa nasalimia geti.