Nani Anamdai Marehemu?

Jana walifanya kumbukumbu ya marehemu tajiri wangu, na mimi mpaka sasa nimefura.

Miaka yake ya mwisho nilimlea mimi yule mzee: nikimwogesha, nikimlisha, nikimsukuma kwenye kigari chake bustanini. Watu walimjua kwa kutoa. Alijenga maktaba, akasomesha vijana mambo ya siasa za nje, akagharamia mikutano ya mabalozi. Adui yake alikuwa mmoja tu, Ukomunisti. Hata nikimkatia papai, ananieleza jinsi alivyouzuia usifike Johannesburg.

Asubuhi moja akajisifu kwamba wakati wa vita vya Msumbiji aliwapelekea waasi ndege zilizojaa viatu, redio, na vitu vingine ambavyo hakuvitaja. Makamanda wao walikuwa wakija kula kwake. Baba yangu alikuwa askari wa Tanzania, akapelekwa Msumbiji kupigana na waasi haohao, hakurudi. Mifupa ya wenzake ililetwa ikazikwa Mtwara, yake haikupatikana. Mama yuko Tanga, mjane asiye na kaburi la kwenda kulisomea Yasini.

Nikamwambia habari hiyo ya baba. Mzee akanitazama, akasema, "Pole, binti. Baba yako alikuwa upande mbaya."

Upande mbaya! Loh! Kweli mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Baba yangu hakujua Ukomunisti ni mnyama gani. Alijua kuswali, gwaride na mpira, basi.

Nikameza. Nikamwomba jambo moja tu: awapigie simu wale makamanda, awaulize waliwafukia wapi askari wetu. "Nitauliza," akasema. Kila nikimkumbusha, "Nitauliza." Na simu iko palepale kitandani! Balozi anapigiwa, waziri mstaafu anapigiwa, wale hapana. Mwisho akaniambia historia iachwe ipumzike. Ipumzike vipi, na mama yangu hapumziki? Akafa hajauliza.

Kwetu maiti haitoki mpaka mtu wa familia asimame atangaze: anayemdai marehemu ajitokeze, na aliyekosewa amsamehe. Hata awe nani. Basi mimi, mjinga, nikavaa baibui langu jipya, nikatoka chumbani kwangu La Rochelle, mtaa wa hapa Johannesburg, hadi kwenye ukumbi wao, nikakaa nyuma kungoja tangazo hilo. Akasema huyu, akasema yule: mpenda amani, mlinzi wa uhuru. Wakamtaja hata mbwa wake. Tangazo halikuja. Walipoanza kuitana kwenda kunywa mvinyo, nikaona hawa hawatauliza hata kiama kije. Nikaenda mbele, nikashika kipaza sauti.

"Mimi namdai," nikasema kwa Kiingereza changu hichohicho. "Namdai kaburi la baba yangu aliyekufa Msumbiji. Marafiki zake wanajua liliko. Kama yupo hapa anayejua, aseme."

Safu ya mbele wazee wawili wakainamisha vichwa, wakawa wanaangalia viatu vyao. Kisha mwendesha shughuli akatabasamu, akanishukuru kwa ushuhuda wangu wa kugusa moyo, na watu wakapiga makofi. Makofi! Wallahi, wangenitukana ningeumia kidogo. Nikarudi nyumbani nalia ndani ya teksi, ndizo daladala za huku, abiria wananiangalia.

Jioni mama, aliyejua nimekwenda kudai, akapiga simu. Hata shikamoo yangu hakungoja.

"Wamesemaje?"

"Wamepiga makofi, mama."

Makofi hakuyajali, akauliza tena:

"Hakuna hata mmoja aliyeinamisha kichwa?"

Nikamwambia habari ya wale wazee wawili.

"Basi hao ndio wanaojua," akasema. "Marehemu mimi simsamehe, hilo limekwisha. Lakini hao wako hai. Kesho watafute, mwanangu, kabla na wao hawajafa wakapigiwa makofi."