Msumeno Nimeutoa Nyumbani

Binti yangu kashikilia niandike habari za baba yake, utadhani mimi karani! Mimi na kalamu hatujawahi kupatana. Mkiona mistari inapanda mlima, msinicheke. Naandika kwa kuwa nimechoka kuulizwa mlangoni, "Fundi si amepona? Mbona karakana imefungwa?"

Kupona, amepona. Moyo ulimgomea akiwa kazini, akapasuliwa kifua, akashonwa, kovu likafunga vizuri. Tatizo ni mdomo wa daktari. Alitaka kumchangamsha mgonjwa, akamwambia, "Wewe seremala utanielewa. Mfupa wa kifua tuliukata kwa msumeno, kama wewe na mbao zako." Wakacheka wote wawili. Mume wangu alicheka mpaka akashika kidonda.

Siku aliyorudi karakana, shemeji yangu, mdogo wake, alikuwa amemwandalia mbao. Shemeji akaanza kukata kwa msumeno. Mlio wa kwanza tu, mume wangu akadondosha penseli, jasho likamtiririka, akakumbatia kifua akipiga kelele kwamba wanamfungua tena. Tukamkimbiza hospitali. Wakapima, wakasema moyo hauna neno. Kilichobaki ni hofu, nayo ni ugonjwa kamili, hutibiwa polepole, kwa kuzungumza naye.

Shemeji akaleta utani wake: "Kaka, seremala gani anaogopa msumeno? Si ukauze mkaa!"

Nilimjibu mimi, na shemeji hajarudi kunywa chai yangu mpaka leo.

Kulala chali hawezi tena. "Mama watoto," ananiambia, "nausikia ndani ya mfupa. Hata ukikata mkate."

Basi msumeno nimeutoa nyumbani, na mkate tunaumega kwa mkono. Amebaki na randa na ubao mmoja. Kila asubuhi anaupiga randa ubao uleule, anaupapasa, anaupiga tena. Ulikuwa mnene kama tofali. Sasa ni kama jalada la daftari. Ukiisha huo atarudi kwenye kiti, atazame ukuta, na mtu yule wa kwenye kiti mimi simjui.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa, pole zako kaa nazo. Una stuli inayoyumba? Mlango unaokwaruza sakafu? Lete. Mbao zikatwe hukohuko kwako, tusisikie. Na ukifika, usimwambie amepona. Mwambie una haraka na kazi yako.